Tanga Lilikuwa Upande Gani? Kisa cha jahazi na mashua zilizogongana mbele ya Ngome

Mashua ilikuwa imevutwa mchangani upande wa Mkomani, Mombasa, imelazwa kwa ubavu wake wa kulia, na lile tundu limetazama juu. Niliingiza mkono ukaenda hadi kiwiko. Mbao tatu zilikuwa zimekatika, ya nne imepasuka kwa urefu, misumari imechomoza, na pamba ya kalafati, ile inayoziba nafasi za mbao, inaning'inia kama ndevu. Vibanzi vyote vilielekea ndani. Nikaandika kwenye daftari: "Ubavu wa kushoto, hatua mbili nyuma ya omo, mbao zimevunjika kutoka nje kwenda ndani." Omo ni sehemu ya mbele ya chombo. Niliandika kwa mazoea tu, maana kazi ya karani ni kuandika. Siku tatu baadaye mstari ule ukawa ndio shahidi pekee ambaye hakubadilisha maneno yake.

Kisa chenyewe ni cha mgongano wa vyombo viwili vya tanga katika mlango wa hori la Tudor, baina ya Ngome ya Yesu na ng'ambo ya Mkomani. Hakuna aliyekufa. Mvuvi mmoja alivunjika mkono, nyavu zilipotea, mashua ikatobolewa, na jahazi likapasuka foromali, ule mti unaobeba tanga. Wenye vyombo walikubaliana shauri lisikizwe na wazee watatu wa pwani, watu waliokula chumvi ya bahari, kabla ya kufikiria kwenda mbele zaidi. Mimi niliitwa kuandika. Majina ya watu na ya vyombo siyataji, kwa kuwa wote bado tunasalimiana. Lakini ushahidi wenyewe nauweka wazi kama nilivyousikia, kwa sababu nimeona jinsi ushahidi unavyoharibika mbele ya macho ya watu wema, na nisingependa liharibike shauri jingine kwa njia ile ile.

Kwanza maji na upepo, maana bila hivyo hakuna kinachoeleweka. Ilikuwa mwezi wa Juni, kusi, ule upepo wa kusini, imeshika. Ilikuwa siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida. Anayeijua Mombasa anajua kwamba siku za bamvua maji hujaa sana karibu na saa kumi jioni, kisha huanza kupwa, na kina hushuka kwa zaidi ya mita 3 kabla ya maji kugeuka tena usiku. Hori la Tudor linaingia ndani sana nyuma ya kisiwa, hadi kunakomwagika mito ya Kombeni na Tsalu, na maji yote yaliyoingia huko hayana mlango mwingine wa maana wa kutokea ila huu wa mbele ya Mji wa Kale. Kwa hiyo mahali hapo, ingawa ni bahari, kwa mwenye chombo ni mto: mto unaogeuza mkondo wake mara nne kwa siku.

Saa kumi na moja na nusu jioni maji yalikuwa yakitoka kwa nguvu. Jahazi lilikuwa likitoka Lamu na shehena ya boriti, injini yake imekufa njiani, na nahodha alitaka kufunga chombo katika Bandari ya Kale kabla ya magharibi. Lilikuja na kusi nyuma yake, tanga limefunguliwa wazi, likipanda dhidi ya maji. Mashua ilikuwa na wavuvi wanne, haina injini kabisa, inatoka kwenda kuvua usiku. Yenyewe ilisaidiwa na maji lakini upepo usoni, kwa hiyo ilikuwa inabisha: inavuka kutoka upande wa mji kwenda Mkomani, inageuza, inavuka tena kurudi upande wa mji, kila pigo ikisogea kidogo kuelekea baharini.

Zikakutana katikati.

Kikao cha kwanza kilifanyika kibarazani, alasiri, kahawa imeletwa, na watu wamejaa kwa sababu kila mtu mtaani alikuwa na lake la kusema. Hapo ndipo tulipokosea. Kabla shahidi yeyote hajafungua mdomo, kijana mmoja aliyesomea ubaharia, mtu mzuri asiye na nia mbaya, alitoa simu yake akatusomea Kanuni ya 12 ya Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini, zile za 1972 zilizoanza kutumika Julai 1977. Alieleza vizuri kabisa. Vyombo viwili vya tanga vikikaribiana hata pakawa na hatari ya kugongana, na kila kimoja kinapata upepo kwa upande tofauti, chenye upepo kushoto humpisha chenye upepo kulia. Vyote viwili vikiwa na upepo upande mmoja, kilicho upande upepo unakotoka humpisha kilicho upande unakoelekea. Na upande wa upepo, kwa mujibu wa kanuni, ni ule ulio kinyume na upande lilikotandazwa tanga kubwa. Akaongeza kuwa kanuni hizi si za bahari kuu tu, zinashika maji yote yanayoungana nayo na kupitika na vyombo vya baharini. Hori letu limo.

Watu waliitikia. Nikatazama nyuso za manahodha wawili. Walikuwa wanasikiliza kwa makini kuliko wote, na walichobaki nacho ni neno moja: kulia. Mwenye upepo kulia ana haki.

Nahodha wa mashua aliposimama alisema hivi, na nimenakili kama alivyonena: "Nalikuwa natoka upande wa mji, naelekea Mkomani. Upepo wanipiga kulia. Nalimuona mbali, yuwaja na upepo wake nyuma, na injini yalia. Mwenye injini ndiye wa kupisha. Ndia ilikuwa yangu."

Nahodha wa jahazi naye akasema: "Tanga langu lilikuwa kushoto, kwa hivyo upepo wangu ni wa kulia. Injini ilikuwa imekufa, waulize mabaharia wangu. Huyu sikumuona kabisa. Amechomoza tu mbele ya omo, kufumba na kufumbua, tayari."

Mabaharia wa kila upande wakamfuata mkubwa wao neno kwa neno. Shahidi wa tatu wa jahazi alifika hadi kutumia neno "amechomoza" kwa sauti ile ile. Hapo mzee wa kikao, mtu mkimya ambaye zamani alikuwa akienda Unguja na Pemba kwa jahazi, aliniegemea akaninong'oneza: "Umeandika shahidi mmoja mmoja, au umeandika mashahidi wawili tu?"

Tukavunja kikao. Siku ya pili mzee alitaka aitwe kila mtu peke yake, chumbani, mlango umefungwa, na asiulizwe chochote kuhusu haki wala kosa. Aulizwe alichoona, alichosikia, mkono wake ulikuwa unafanya nini. Nilifurahi, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa ikifanywa hata huko London, katika Mahakama ya Bahari, kuanzia 1855 wakati wa Jaji Stephen Lushington. Mashauri ya migongano yalikuwa na ugonjwa huu huu: kila chombo kilijitetea kwa kutazama kwanza mwenzake amesema nini. Dawa waliyoiweka ilikuwa karatasi ya awali. Kila upande ulijaza maelezo yake na kuyafunga kwa lakiri kabla ya kuona ya mwenzake: upepo ulitoka wapi, maji yalikwenda wapi na kwa nguvu gani, chombo kilielekea wapi, mwenzako ulimwona kwanza umbali gani na upande gani, ulifanya nini, sehemu gani ya chombo iligusa sehemu gani. Bahasha zikifunguliwa siku moja, hakuna tena nafasi ya kushona hadithi ifuate ya jirani. Na jaji hakuketi peke yake, alikaa na mabaharia wawili wazoefu wa Trinity House, chama cha mabaharia wa Uingereza, wa kumshauri, maana suala la upepo halisomwi kitabuni tu. Kwetu sisi, wazee wa kushauri tulikuwa nao. Bahasha ndiyo tuliyoikosa.

Sasa nianze na jambo la injini, kwa sababu ndilo lililonifundisha zaidi.

Wavuvi wote wanne, kila mmoja peke yake, walisema walisikia injini. Walipoulizwa mlio wake ulikuwaje, walitoa mlio mmoja: wa haraka, mwembamba, wa juu. Si "du-du-du" la dizeli ya jahazi. Yule aliyevunjika mkono aliuiga kwa ulimi, na mzee akatabasamu. Jioni ile tulikwenda jahazini. Injini ilikuwa imefunguliwa kweli. Nozeli zake zilikuwa kwenye mkebe wa maziwa, zimefungwa kitambaa, na fundi hakuwa amezirudisha. Lakini juu ya boriti, karibu na mlingoti, palikuwa na pampu ndogo ya petroli ya kutoa maji ya ngama, yale yanayokusanyika chini ndani ya chombo. Jahazi lilikuwa linavuja. Baharia mmoja alivuta kamba ikaunguruma, na yule mvuvi aliyekuja nasi, mkono wake umefungwa shingoni, akasema hapo hapo: "Ndiyo hiyo."

Kwa hiyo waliosema wamesikia injini walisema kweli, na waliosema injini ilikuwa imekufa walisema kweli. Kwa kanuni, chombo cha tanga kinabaki cha tanga hata kikiwa na injini ndani, maadamu injini hiyo haikisukumi. Pampu haisukumi chombo. Madai ya nahodha wa mashua kwamba apishwe na mwenye injini yakaanguka, lakini hakuanguka yeye kama mwongo. Nashikilia sana tofauti hiyo. Mtaani tayari walikuwa wamekwisha kumwita mwongo.

Halafu kasi. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi na kahawa yake upande wa mji alisema jahazi "lilikuwa kama limesimama" na mashua "ilikuja mbio". Nahodha wa mashua alisema kinyume: yeye alikuwa akienda polepole na jahazi ndilo lililomjia kama ukuta. Palizuka kelele, kila mmoja akamwambia mwenziwe hana macho. Lakini mwenye kahawa alikuwa ameketi juu ya jiwe, na jiwe haliendi na maji. Alichopima yeye ni mwendo juu ya ardhi: jahazi lilikuwa linapanda dhidi ya mkondo, mwendo wake unaliwa, na mashua inashuka na mkondo, mwendo wake unaongezwa. Walio majini wote wawili wamebebwa na maji yale yale, kwa hiyo kati yao mkondo haupunguzi wala hauongezi. Wao waliona mwendo wa chombo majini, na majini jahazi lenye upepo nyuma ndilo lililokuwa na kasi. Kila mmoja aliona sawasawa kutoka alipokaa. Ukipokea ushahidi wa mgongano mahali penye mkondo, muulize kwanza shahidi alikuwa amekanyaga nini.

Muda nao ulileta vichekesho kwa wengine, mimi haukunichekesha. Wa jahazi walisema kufumba na kufumbua. Mvuvi mmoja alisema ni muda wa kuvuta nusu ya sigara. Nilipiga hesabu ndogo. Tuseme jahazi lilikwenda maili 4 za baharini kwa saa na mashua maili 3, na njia zao zilikatana karibu na pembe mraba. Walikuwa wanakaribiana kwa maili 5 kwa saa, yaani takriban mita 150 kwa dakika. Nusu ya sigara, tuipe dakika mbili: mita 300. Umbali huo, jioni isiyo na mvua, mtu mwenye macho anaona hata rangi ya kikoi. Basi swali halikuwa tena nani mwongo kati ya kufumba jicho na nusu ya sigara. Swali likawa: kwa nini wa jahazi hawakuona kitu kwa dakika mbili ambazo wa mashua waliona?

Na hapo ndipo aliposimama mtoto.

Ni mvulana wa miaka kama kumi, alikuwa akivua kwa mshipi kwenye ngazi, upande wa mji. Wazee wawili hawakutaka asikizwe. Mzee mkimya akasema alikuwepo, ana macho, na hana chombo. Mtoto akaitwa, akaamkia shikamoo zake zote, akakaa pembeni ya mkeka. Aliulizwa aliona nini.

"Nalimuona mtu wa jahazi, ameinama, yuwashika mashine. Maji yaruka."

"Amevaa nini?"

"Kikoi chekundu, ami. Na kofia ya kiua."

"Mashua uliiona?"

"Ilikuwa yaja kwangu. Nikadhani itagonga ngazi, nikavuta mshipi."

Aliambiwa asante, akapewa kaimati, akaenda zake. Jua lilikuwa mgongoni mwake saa ile, vyombo vyote viwili vimeangazwa mbele yake. Hakuna shahidi mwingine aliyekuwa na nuru nzuri kama yake.

Tazama alichokisema bila kujua. Mashua ilikuwa inakuja kwake, yaani inaelekea mji. Haikuwa inaelekea Mkomani kama alivyosema nahodha wake kibarazani. Na lile tundu linamuunga mkono. Mashua ikielekea Mkomani, ubavu unaotazama baharini kunakotoka jahazi ni wa kulia. Ikielekea mji, ubavu huo ni wa kushoto. Tundu ni la kushoto, vibanzi vimeingia ndani. Kwa hiyo upepo wake wa kusi ulikuwa unampiga kushoto.

Pili, alimuona mtu wa pampu, ameinama karibu na mlingoti, hadi kofia yake. Mtoto yuko upande wa mji, na jahazi linaloingia lina mji upande wake wa kushoto. Kama tanga lingetandazwa kushoto, kama alivyosema nahodha wa jahazi, lile guo kubwa lingekuwa baina ya mtoto na mlingoti, na asingeona mtu wala kofia. Aliona, kwa hiyo tanga lilikuwa upande wa pili: kulia, upande wa Mkomani.

Mzee mkimya alikuwa amekwisha kufika huko kwa njia yake. Alisema: "Nahodha mwenyewe ametwambia. Amesema huyu amechomoza. Kama tanga lake liko kushoto, na mashua yatoka Mkomani, kwa kulia, basi yuko wazi mbele yake njia nzima. Atachomozaje? Hachomozi mtu ila nyuma ya kitu." Neno lile alilolitumia kujitetea, na mabaharia wake wakalikariri, ndilo lililoonyesha tanga lilikuwa wapi. Mashua ilikuwa nyuma ya tanga lake mwenyewe tangu mwanzo. Na anayejua jahazi anajua kwamba tanga halihamishwi upande kwa dakika moja: foromali nzima na guo lake huzungushwa mbele ya mlingoti, na watu wote hushika kamba. Siku ile mmoja alikuwa kwenye pampu, mmoja usukani, na wengine wanapanga kamba za kufungia gati.

Basi ukiweka yote pamoja: mashua ina upepo kushoto. Jahazi lina tanga kulia, kwa hiyo nalo lina upepo kushoto. Upande mmoja. Aliye upande upepo unakotoka ni jahazi, linatoka baharini na kusi nyuma yake. Jahazi ndilo lililotakiwa kupisha.

Nilisoma mistari hiyo mara tatu nisiamini. Nahodha wa mashua alikuwa na haki katika hali ile ile iliyotokea. Alipobadilisha maneno yake ili apate upepo wa kulia, aliacha hadithi ya kweli iliyokuwa imembeba, akachukua nyingine inayopingwa na ubavu wa mashua yake mwenyewe. Wazee wangekuwa wavivu kidogo tu, wangemwona anapingana na tundu lake, wangemtupilia mbali, na angelipa yeye. Nilimwendea jioni, tukakaa juu ya gogo. Nikamuuliza kwa upole, Nahodha, mbona ulisema unaelekea Mkomani? Alikaa kimya kitambo. Akasema, "Nalisikia kulia ndiyo haki. Na kweli punde tu kabla nalikuwa naelekea Mkomani. Nikaona nianzie pale." Sikumwona mtu mwongo. Nilimwona mtu mwenye mashua moja, na mtu wake amevunjika mkono.

Kinachosikitisha ni kwamba hata bila kitabu, ada ya vyombo vya tanga ingempa haki. Wazee wetu walisema aendaye na upepo humpisha anayebisha, kwa sababu anayebisha hana pa kwenda, na anayekwenda na upepo ana bahari nzima. Kanuni za kimataifa za mwishoni mwa karne ya 19 nazo zilikuwa na sharti hilo hilo. Tungeanza kwa kumwuliza kila mtu alichoona, asingekuwa na sababu ya kugeuza mashua yake kwa mdomo.

Lakini hakuwa safi kabisa. Mzee wa kikao alimwita tena, akamuuliza swali moja: "Tanga la jahazi uliliona liko upande gani?" Akajibu, na safari hii kwa kweli yake yote: "Sikuangalia. Nalisikia injini, nikajua atapisha." Hapo pana kosa. Kanuni ile ile ya 12 ina kifungu cha tatu ambacho kijana wetu hakukifikia: mwenye upepo kushoto akiona chombo upande upepo unakotoka, na asiweze kujua kwa hakika kina upepo upande gani, yeye ndiye wa kupisha. Aliyetegemea mlio hakutazama guo. Na mvuvi mwingine alikuwa amesema jambo ambalo lilipaswa kuwatisha wote: jahazi "lilikaa pale pale kwenye kamba ya mlingoti wetu, haliendi mbele wala nyuma, linakua tu." Chombo kikikaa pembe moja kwako na kinakua, mnagongana, hakuna alama iliyo wazi zaidi ya hiyo. Mwenye haki huambiwa ashike njia yake, lakini akiona mwenzake hapishi anaruhusiwa kujiokoa, na wakifika karibu mno analazimika. Usukani wa mashua haukuguswa mpaka mwisho.

Upande wa jahazi kosa lilikuwa kubwa na la kawaida mno: hapakuwa na mtu omo. Kutazama mbele ni wajibu wa kila wakati, kwa macho na kwa masikio, na kwa jahazi lenye tanga upande mmoja maana yake ni mtu akae mahali ambapo tanga halimzibi. Macho manne yaliyokuwa huru yote yalikuwa kwenye maji ya ngama na kamba za gati. Pampu yenyewe iliwaziba masikio: wavuvi walipiga kelele, na wa kikoi chekundu alisema wazi kwamba hakusikia hadi mbao zilipolia.

Katika kugawa hasara, mzee mmoja alitaka nusu kwa nusu ili watu wakae vizuri. Ndivyo sheria ya Uingereza ilivyokuwa kwa miaka mingi: wote wakikosa, hasara hukatwa katikati, hata kama kosa la mmoja ni kilima na la mwingine ni kichuguu. Mkataba wa Brussels wa 1910 ulileta kipimo kingine, kila mmoja abebe kadiri ya kosa lake, na Uingereza ikaufuata kwa sheria yake ya 1911. Mzee mkimya hakutaja mkataba wowote. Alisema tu, "Mmoja hakutazama kabisa. Mmoja alitazama asione. Si sawa." Wakakata mafungu matatu: mawili juu ya jahazi, moja juu ya mashua. Mwenye jahazi akaiacha foromali yake nje ya hesabu na akaongeza gharama ya kutibu mkono wa mvuvi, bila kuombwa. Ningekuwa mimi ningepandisha fungu la jahazi hadi robo tatu, kwa sababu ya ile nafasi tupu ya omo, lakini sikuwa na kura, na hukumu ile naiheshimu.

Tangu siku ile nimechora karatasi ya maswali. Ina maswali kumi na mbili, na neno haki halimo. La kwanza: ulikuwa umesimama au umeketi wapi. La pili: jua lilikuwa wapi. La nne: tanga lilikuwa upande gani, lako na la mwenzako. Hujazwa kabla ya kahawa, kila mtu chumba chake, na simu zinabaki nje.

Fundi alimaliza kwa siku sita. Mbao nne mpya, kalafati mpya, shahamu juu yake. Mbao mpya bado ni nyeupe kuliko za zamani, na ukisimama kwenye ngazi za upande wa mji asubuhi, mashua ikiingia na samaki wake, ubavu wa kushoto ndio unaokutazama, na kiraka unakiona kutoka mbali.